Upepo wa Kiti cha Kati

Mwizi aliacha pampu. Aliacha makasia mawili, akaacha na mfuko wa turubai wa kubebea. Alichukua boti peke yake.

Inspekta alisimama mlangoni mwa stoo ya bwawa la maji, mikono nyuma, kama mgeni asiyetaka kukanyaga mkeka wa watu. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye mwendo wa taratibu na macho yasiyo na subira. Nyuma yake, Sajini alikuwa ameshatoa brashi ya kuchukulia alama za vidole.

"Kufuli?"

"Zima, afande. Limefunguliwa kwa ufunguo."

Mtunza stoo alikuwa akijifuta jasho kwa kofia yake. "Afande, maji yamenifika shingoni."

"Na boti huna," Sajini akamalizia.

Inspekta akamtazama. Sajini akarudi kwenye brashi yake.

"Boti ya namna gani?"

"Ya mpira, ya kujaza upepo. Ndogo, ya watu watatu. Ndiyo tunayoingia nayo bwawani kuchota maji ya kupima. Na mtu akitumbukia, ni hiyo hiyo ya kumfuata. Nyingine hatuna."

"Uliiona lini mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi, nilipofunga. Ilikuwa hapo sakafuni, imejaa. Leo fundi alikuwa aje aitoe upepo, aitie kiraka. Ubavu wa kushoto unavuja."

"Imejaa, halafu inavuja?"

"Ilikuwa imelegea kidogo upande huo. Hakuna aliyeigusa siku kumi na mbili, tangu Pumzi alipoanguka."

"Pumzi ndiye nani?"

"Mwangalizi wa boti. Jina la utani hilo. Miaka ishirini na sita yuko hapa. Siku ile aliijaza asubuhi, akaketi juu ya ndoo, akasema kifua kinambana. Hospitali hakumaliza siku mbili." Mtunza stoo akaivaa kofia, akaivua tena. "Tulimzika wiki iliyopita."

Inspekta akapiga magoti. Sakafu ilikuwa nyeupe kwa poda.

"Hii?"

"Ya kupaka mpira usigandane. Pumzi aliimwaga kama anayempaka mtoto mchanga."

Boti ilikuwa imeacha umbo lake juu ya poda ile. Upande wa kulia, poda ilikuwa imepulizwa ikatawanyika kama upepeo, hadi saruji ikaonekana. Kushoto hali kadhalika, ila kidogo. Katikati, poda ililala kama ilivyomwagwa.

"Pima mlango, Sajini."

"Sentimita themanini na mbili."

"Na boti?"

"Upana wake mita na robo," alisema Mtunza stoo.

"Basi ikiwa imejaa isingepita. Mwizi aliitoa upepo humu humu. Ina valvu ngapi?"

"Tatu. Mbavu mbili, kila mmoja na yake. Na kiti cha kati, yake inatazama chini."

"Mbavu zimepuliza poda. Kushoto kidogo, kwa kuwa kulishavuja. Kiti hakikupuliza kitu." Inspekta akanyanyuka, magoti yakalia. "Anayeiba boti ya mpira anataka ikunjike iwe mzigo wa kwapani. Huyu kaacha mfuko kwa sababu usingefunga. Kiti kimejaa. Kajitesa kukibeba kilivyo. Mle ndani ya kiti mna nini?"

"Upepo tu, afande."

"Upepo wa nani?"

Mtunza stoo akaikunja kofia mkononi. Kisha akaanza polepole, kama mtu anayekumbuka alikoweka miwani.

"Pampu haiingii kwenye kiti. Kile kipande cha kuunganishia kilipotea zamani. Kiti hujazwa kwa kinywa. Sisi wengine tulikuwa tukipata kizunguzungu kabla hakijafika nusu. Yeye alikuwa akipuliza mpaka kinakuwa kigumu, halafu anakigonga kwa kidole kama tikiti. Ndiyo asili ya jina."

Inspekta akalitazama kufuli.

"Ufunguo mwingine uko wapi?"

"Maabara, msumarini."

"Maabara kuna nani?"

"Mpima maji. Leo kaomba ruhusa, mama yake mgonjwa. Ni binti yake Pumzi, afande."

Sajini akafunga sanduku lake. "Kesi imekwisha. Nichukue pingu?"

"Pingu ziache garini."

*

Aliyefungua mlango alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, macho mekundu. Pindo la sketi yake lilikuwa na weupe.

"Poda hiyo ni ya mtoto?" aliuliza Inspekta.

"Sina mtoto, afande."

"Najua."

Binti akasogea pembeni, wakaingia.

Chumba kilikuwa na joto la bati la saa saba mchana. Kitandani ameketi mama mtu mzima, mguu mmoja ndani ya plasta hadi gotini. Sakafuni, boti imelala bapa, mbavu zote mbili zimenywea. Katikati yake kiti kimesimama kigumu, kimefunikwa kitambaa kibichi.

"Pole kwa msiba, mama."

"Ahsante, mwanangu. Karibuni. Samahani, siwezi kuinuka."

Inspekta akageukia boti. "Kitambaa cha nini?"

"Joto," alisema binti. "Upepo ukipata moto unavimba. Baba alisema boti iliyojaa haiachwi juani, mshono utaachia. Nimekuwa nikikiloweka tangu asubuhi."

"Uliichukua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlinzi alikuwa anabadilishana zamu."

"Kwa nini?"

Binti akamgeukia mama yake.

"Mwambie," alisema mama.

"Leo wangeitoa upepo." Binti alikuwa akisema na sakafu. "Nilimwomba meneja, kiti tu, nije nikifungue mwenyewe. Akacheka. Akasema upepo ni upepo, ukitaka tutakujazia mwingine. Afande, mama hakufika hospitali. Hata kaburini hakufika, si unauona mguu huo? Watu wote walimuaga baba isipokuwa yeye. Mimi nikawaza, pumzi ya mwisho aliyoitoa akiwa mzima, anacheka, imo mle. Nikamletea."

Sajini akaanza kukohoa, akatazama dirishani.

"Ulikuwa hujui kwamba ni wizi?"

"Nilijua. Nilikuwa niirudishe."

"Lini? Mtu akitumbukia sasa hivi, atafuatwa na nini? Na Mtunza stoo yuko kule jasho linamtoka, nusura tumweke ndani."

Binti akafunika uso. "Sikumfikiria yeye. Haki ya Mungu, sikumfikiria."

"Mbona hujakifungua, basi? Tangu asubuhi?"

"Nikikifungua kitakwisha."

"Nimemwambia afungue mara tatu," alisema mama. "Hasikii. Mbishi kama aliyemzaa."

Inspekta akavuta kigoda, akaketi. Alifungua daftari, akaandika mistari michache, akasoma alichoandika.

"Nimeandika ulichofanya. Nimeandika na sababu yake. Meneja ataamua ashtaki au asishtaki, na mimi nitakuwepo akiamua, maana nina neno naye kuhusu kucheka. Mtunza stoo utamwomba radhi kwa mdomo wako. Boti inarudi sasa."

"Ndiyo, afande."

"Utaibeba hivyo hivyo?"

Aliyejibu alikuwa mama yake. "Boti haikunjwi ikiwa na pumzi ndani. Baba yako alikufundisha nini?"

Binti akasema kwa sauti ya mwanafunzi mbele ya ubao. "Ifute. Ikauke. Fungua zote. Kunja kuanzia mbele kuelekea kwenye valvu. Usiikanyage."

"Ehe. Fungua zote. Hakusema mbili."

Inspekta akashika boti upande mmoja. Sajini akavua kofia, akashika wa pili. Wakaiinua taratibu, wakaigeuza, mpaka kiti kikafika ukingoni mwa kitanda, valvu ikamtazama mama. Mama akajisogeza, akaweka shavu lake pale.

Binti akashika kizibo.

"Kidogo kidogo," alisema mama. "Hatuna haraka."

Akakizungusha. Upepo ukatoka, mwembamba, mrefu, ukapeperusha nywele nyeupe zilizo kando ya sikio la mama. Kiti kikaanza kukunjamana, kikalegea, kikashuka. Mwishoni binti alikibonyeza kwa kiganja, kama anavyobonyezwa mtoto mgongoni acheue, kikatoa kilichobaki.

Kikanyamaza.

"Mama?" Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Umesikia chochote?"

Mama hakuondoa shavu. "Kinanuka mpira."

"Mpira tu?"

"Mpira tu." Alikuwa amefumba macho, na mashavu yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa anatabasamu. "Miaka ishirini na sita kila jioni ameingia mlango ule ananuka hivyo hivyo. Haya, kunja sasa, mwanangu. Anzia mbele."