Mto wa Vyumba Viwili

Kabati lilikuwa wazi, kufuli zima, diski haipo.

"Ina nini hiyo diski?" Inspekta aliuliza.

"Mto," alijibu fundi wa mitambo. "Na milima, mvua, matope. Yote ambayo askari wanayaona kwenye skrini wakifanya mazoezi. Madereva chumba hiki, marubani chumba cha pili. Kesho wanauvuka mto wenyewe, ule wa kweli. Bila zoezi la mwisho leo, sheria hairuhusu."

Inspekta alipitisha kidole juu ya mitambo. Vumbi tupu.

"Hapa hagusi mtu ila mimi," fundi alijisifu.

"Naona."

Lakini pale diski ilipokuwa palipanguswa pakang'aa, hadi nyuma ya nyaya.

"Mwizi kafuta alama za vidole," fundi alisema.

"Mwenye kuficha alama hufuta alipogusa. Huyu vumbi lilimkera." Inspekta akageuka. "Niitie anayesafisha."

Aliletwa binti mwembamba, ndoo mkononi. Askari walimwita Bi Deki.

"Unaingia vyumba vyote viwili?"

"Peke yangu, afande. Wa magari hawaendi kwa wa ndege. Wanaoneana wivu kama wake wenza."

"Diski iko wapi?"

Binti akaitua ndoo chini.

"Kwenye mfuko wa matambara makavu. Nimeifunga nailoni isilowe."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nimeiba mwenyewe. Funguo huachiwa mimi nikisafisha."

"Kwa nini?"

"Kwenye skrini za marubani mvua imenyesha, mto umefura mpaka kwenye miti. Kwa madereva, mto ule ule, jua linawaka, maji ya magotini. Nilimwambia fundi mara tatu. Akanijibu, 'Bi Deki, piga deki.' Gari la kwanza kesho anaendesha mdogo wangu. Tumbo moja, afande."

Diski ikarudishwa, skrini zikawashwa. Inspekta alitoka chumba hiki akaingia kile, akarudi tena. Ilikuwa vile vile alivyosema binti.

Fundi alijikuna kisogo. "Mvua ya kweli iliponyesha juzi, niliiongeza kwa marubani. Kwa madereva... nadhani nilipitiwa."

Mkuu wa kambi alituma watu mtoni. Saa sita mchana simu ya upepo ikakoroma: "Fimbo ya mita tatu imezama yote, mkuu. Hapavukiki."

Mkuu akakaa. Akavua kofia, akajifuta jasho.

"Kesho hakuna kuvuka. Na malalamiko yangu ya wizi, Inspekta, nayafuta."

"Maelezo yake nitayaandika hata hivyo, neno kwa neno," alisema Inspekta. "Fundi atayasoma kwa sauti, vyumba vyote viwili."

Bi Deki alikuwa koridoni, kaegemea ukuta, anacheka na kulia kwa pamoja. Dereva kijana akatokea mbio.

"Dada! Ati umeniibia mto?"

"Nimekuibia," alisema, akijifuta macho kwa tambara. "Na usikanyage hapo, nimetoka kupiga deki."