Beseni Zima la Pumba

Kila jioni Kiherehere alikuwa na kazi moja: kukatakata mabua ya mahindi kwa panga, kuyachanganya na konzi ya pumba, kisha kumpelekea mbuzi wao, Bibi Harusi. Mbuzi huyo alipewa jina hilo kwa maringo yake ya kutembea. Sasa alikuwa na mimba, na mama alikwishasema kwamba mtoto atakayezaliwa atakuwa wa Kiherehere mwenyewe.

Lakini kukata mabua kunachosha jamani! Jioni moja wenzake walimwita wakaruke kamba. Kiherehere akayasukuma mabua nyuma ya banda, akajaza beseni zima pumba tupu. "Kula ushibe, shoga," alisema, akatimua mbio.

Asubuhi Bibi Harusi hakuinuka. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umetuna, hacheui, anasaga meno kwa maumivu. Kiherehere akakimbia kumwita mama.

Mama alimwita daktari wa mifugo. Daktari akapiga magoti, akalibonyeza tumbo. "Jana alikula nini?"

"Mabua na pumba kidogo, kama siku zote," mama alijibu. "Au sivyo, mwanangu?"

"Ndi... ndiyo, mama."

"Basi huenda amekula majani yenye sumu," daktari alisema, akaanza kuandaa sindano.

Bibi Harusi akakoroma, shingo ikalala chini. Kiherehere akamtazama mbuzi, akamtazama daktari. Akisema, atagombezwa; akinyamaza, mbuzi atakufa.

"Subiri, daktari!" alilia. "Nilimpa pumba beseni zima! Mabua niliyaficha nyuma ya banda."

Mama akashika kiuno. Daktari aliiweka sindano kando haraka, akakoroga dawa ya kupunguza asidi, wakamnywesha mbuzi taratibu. Wakangoja. Jua lilipokwisha kuwa kali, Bibi Harusi akabeua kwa kishindo, mama akaruka! Baadaye taya zikaanza kwenda. Anacheua! Kiherehere akaangua kilio.

"Sikiliza, binti," daktari alisema. "Tumboni mwa mbuzi vimo vijidudu vinavyomsaidia kusaga mabua. Pumba nyingi za ghafla hulitia tumbo asidi, vijidudu vikafa. Pumba ni chakula kizuri, ila mpe kidogo pamoja na mabua, na ukitaka kuongeza, ongeza polepole. Uvivu wako umemwangusha, ukweli wako umemponya. Siku nyingine useme mapema, kabla sijashika sindano."

"Nimekoma, daktari."

"Tutaona," mama alisema, akimkabidhi panga. "Mabua yako bado yapo nyuma ya banda."