Mfupa wa Tatu

Siku hiyo mpumbavu alikuwa yeye. Tuliseme mapema, tusije tukasumbuana huko mbele.

"Mkono ni safi," Kinyozi alinong'oneza kinasa sauti kilichofichwa kwenye kola ya koti lake jeupe. "Mifupa miwili, plasta, basi. Nimemwachia aende."

Kinyozi hakuwa mpiga eksirei. Alikuwa jasusi aliyepewa koti, mafunzo ya chapuchapu na chumba cha hospitali. Jina hilo alilipata kwa sababu watu aliowashughulikia walikuja kugundua wamenyolewa walipokwisha kufika nyumbani.

Leo alikuwa amenyolewa yeye.

"Umepiga picha ngapi?"

Sauti ya sikioni ilikuwa ya Mama Mkwe, mkuu wake wa kazi. Kabla ya kuingia ujasusi alifundisha eksirei miaka mingi. Kazi hiyo aliiacha. Dharau yake alihama nayo.

"Moja. Ya mbele."



"Mwanangu, utajuaje kama mtu ana kitambi kwa kumtazama mbele tu? Si unamgeuza ubavu? Haya, na hiyo mifupa imetokaje?"

"Myeupe. Myeupe sana."

"Uliongeza nguvu ya mionzi kwa ajili ya plasta?"

"Nimetumia ile ya mkono wa kawaida."

"Yaani mionzi imeishia kwenye plasta, na wewe unashangilia weupe. Bomba la aluminiamu likilazwa nyuma ya mfupa, kwenye picha mbovu kama hiyo utaliona mwaka gani?"

Kinyozi alikwisha toka mlangoni.

Mbio.

Ndani ya plasta ile, idara iliamini, kulikuwa na sumu iliyoibwa maabara ya serikali. Kijiko kimoja kilitosha tangi la maji la mji mzima. Wanunuzi walikuwa wakisubiri ng'ambo ya mpaka. Mbebaji walimwita Bwana Harusi: suti nyeupe, manukato ya kuumiza kichwa, mwendo wa mtu anayesubiri kupigiwa vigelegele. Alikuwa na pasi ya kidiplomasia, kwa hiyo kumkata plasta bila ushahidi ingekuwa kesi ya nchi mbili. Na eksirei hii aliitaka mwenyewe. Alitaka picha safi ya kuonyesha mpakani, asiguswe na mtu.

Na Kinyozi alikuwa amempa.

Alimkuta Bwana Harusi uani, mlango wa Mercedes nyeusi uko wazi. Kiganja kikamzuia kifuani. Mwenye kiganja alikuwa Kabati, mlinzi mwenye mabega ya kupita mlangoni kwa upande.

"Samahani, bosi," Kinyozi alisema akihema. "Picha haina alama."

"Alama gani?" Bwana Harusi hata hakugeuka.

"Ya upande. Kulia au kushoto. Wale wa mpakani wakiona mkono usio na upande, watasema ni wa mtu mwingine. Watakata plasta wapige upya."

Hilo halikuwa uongo. Kinyozi alikuwa amesahau kweli kuweka ile herufi ndogo kando ya mkono. Upumbavu wake wa pili ulikuja kumwokoa na wa kwanza.

Bwana Harusi alifyonya. "Hata picha ya mkono inawashinda. Mnasomea wapi nyinyi?"

"Hapahapa, bosi. Si unaona matokeo?"

Wakarudi chumbani.

"Mimi sitoki," Kabati alisema.

"Hutoki, lakini unavaa."

Kinyozi alimshushia aproni nzito ya madini ya risasi, kutoka shingoni hadi magotini.

"Ya nini hii?"

"Mionzi ikigonga mtu hutawanyika chumba kizima. Wewe unataka kuzaa?"

"Nataka."

"Basi simama nikufunge vizuri."

Alimfunga kwa nyuma, fundo ambalo hakufundishwa hospitali. Bastola ya Kabati ilibaki kiunoni, chini ya aproni.

"Pete zote vua, bosi. Chuma kinaharibu picha."

Safari hii Kinyozi hakuruka kitu. Aliulaza mkono kwa ubavu. Akaweka herufi ya upande. Akaubana mwanga wa mashine uishie kwenye mkono tu, usiguse tumbo la mtu bure. Akaongeza nguvu. Akaegemeza mfuko wa mchanga.

"Usitikisike. Ukitikisika inatoka na ukungu, itabidi turudie, na mionzi si manukato ya kujipulizia kila saa."

Akaingia nyuma ya kioo cha kinga. Akabonyeza.

Mlio mfupi.

Picha ikajitokeza kwenye kompyuta, ya kijivu safi. Mifupa miwili ilikuwa imelaliana kama inavyotakiwa. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, mnyoofu kama rula.

"Mama Mkwe. Mkono una mifupa mitatu."

"Hesabu tena."

"Mitatu."

"Funga mlango."

Komeo lililia. Kabati akaelewa, akapeleka mkono kiunoni, ukagonga risasi ya aproni. Akavuta pindo. Akatafuta fundo. Akazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Kinyozi alichomoa bastola ya Glock kutoka kwenye boksi la glovu.

"Kaa chini, kaka. Nguo hiyo inachosha."

Kabati akakaa.

"Huo ni mfupa wangu," Bwana Harusi alisema. Jasho lilianza kuyashinda manukato. "Nilizaliwa nao."

Kinyozi aliigusa picha kwenye kioo cha kompyuta, pale palipoonekana nyuzi za skrubu.

"Na kizibo pia?"

Wenzake wa idara wakaingia na pingu. Kinyozi alimvua Kabati aproni, akaitundika. Ikikunjwa hupasuka kwa ndani. Kisha akashika korido, mikono mfukoni, anapiga mluzi.

"Mama Mkwe," alisema kwenye kola, "mji mzima umenusurika. Mwingine hapa angepewa cheo. Mimi hata sifa kidogo sipati?"

"Utapata, mwanangu. Nikusifu kwa picha ipi?"