Mistari Aliyoiruka Chiriku

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia kwenye kituo cha kompyuta cha mjomba wake. Aliweka mkoba nyuma ya kaunta, akafuta vumbi kwenye skrini nane, kisha akaanza kuuliza maswali. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu mdomo wa mjukuu wake, kama wa ndege chiriku, haukujua kupumzika.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mashine nyeusi iliyounganisha kituo na mtandao. Picha na sauti husafiri mtandaoni zikiwa zimekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Ndani kabisa ya mfumo wa mashine ile, kwenye sehemu inayoitwa kiini, kila pakiti ilikaguliwa: imetoka anwani gani? Ipite au itupwe? Kwa miaka minne mjomba alikuwa akiandika anwani za wahuni wa mtandaoni ili pakiti zao zitupwe, na sasa orodha ilikuwa na mistari elfu tatu na mia sita.

"Kila pakiti inalinganishwa na mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mwisho," mjomba alimweleza. "Jumamosi wateja wakijaa, kiini kinahema. Nataka anwani zote ziingie kwenye fungu moja lililopangwa vizuri. Hapo kiini kitatafuta mara moja tu na kupata jibu."

"Kwa nini kompyuta isizihamishe yenyewe?"

"Kwa sababu humo ndani kuna wateja wangu niliowafungia kimakosa. Hapo panataka jicho la mtu. Utasoma mstari mmoja mmoja na maelezo yake. Mhuni, mwingize kwenye fungu. Mteja, mwache nje. Una wiki mbili."

Chiriku alianza kwa bidii. Lakini alipofika mstari wa mia tisa, timu ya netiboli ilianza mazoezi, na mistari ikaanza kumchosha macho. Ijumaa mjomba alipomuuliza, alijibu haraka, "Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote, mjomba."

Mjomba hakuwa na sababu ya kumshuku. Jioni ile akaweka fungu jipya na kuiondoa orodha ya zamani.

Jumamosi asubuhi mama yake Chiriku alifika mapema, amechana nywele vizuri kana kwamba anakwenda kupigwa picha. Bibi alikuwa amelazwa hospitali ya mbali sana, na nauli ya kwenda huko haikuwapo. Kila Jumamosi walizungumza naye kwa skrini.

Bibi alionekana, amekonda, muuguzi akiwa amemshikia simu.

"Mama, umeamkaje?" mjomba akauliza.

"Nimeamka, mwanangu, hilo si dogo." Bibi akatabasamu. "Chiriku yuko wapi? Sogea nikuone. Sogeeni nyote, nina neno nataka niwaambie..."

Picha ikaganda. Mdomo wa bibi ulikuwa wazi, lakini sauti haikutoka.

Mjomba akakimbilia nyuma ya pazia. Wale wahuni waliokuwa wakizuiwa walikuwa wanamimina pakiti za takataka kama mafuriko, na mashine ilikuwa imeelemewa hata haisikii amri. Ilichukua karibu saa nzima kurudisha orodha ya zamani. Walipopiga tena, muuguzi alisema kwa upole, "Amelala. Tumwache apumzike."

Bibi hakuamka. Jumapili alfajiri simu ililia, na mama akakaa sakafuni.

Siku ya nne ya msiba, Chiriku alimkuta mjomba peke yake kituoni, macho mekundu, ananakili namba kwenye karatasi.

"Nimekosea mahali," mjomba alisema bila kuinua kichwa. "Mama yangu alikuwa anazungumza, mimi nikamkatiza kwa majaribio yangu. Hili fungu naliacha. Sitaligusa tena."

Chiriku angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Hukukosea, mjomba. Niliishia mstari wa mia tisa. Nilikudanganya."

Mjomba aliweka kalamu chini. Alimtazama, kisha akageukia ukuta, na mabega yake yakatikisika. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na mimi nilipaswa kuhesabu anwani kabla ya kuondoa orodha ya zamani. Lakini mama yako umwambie wewe mwenyewe."

Chiriku alimwambia mama jikoni, amesimama, huku analia. Mama aliendelea kuosha kikombe kilekile. Hakumkumbatia siku ile, wala hakumgombeza.

Mjomba alikubali kulijaribu fungu tena, na kwa siku tisa Chiriku alisoma mistari iliyobaki. Mjomba alihesabu kila anwani, akaweka fungu jipya, na safari hii akaiacha orodha ya zamani tayari pembeni. Jumamosi viti vyote vilijaa. Mashine ambayo zamani ilitumia karibu nguvu zake zote kukagua pakiti, sasa ilitumia sehemu ndogo tu. Kwenye kompyuta ya tatu, fundi cherehani alikuwa anamchekesha mtoto wake aliye mbali, na kicheko kilisikika bila kukatika.

Chiriku alitoka nje. Mama alimfuata, akakaa naye kwenye ngazi.

"Bibi alikufa kwa ugonjwa," mama alisema. "Huo mzigo si wako, utue. Lakini neno lake la mwisho tulilikosa, na hilo limetokana na uongo wako. Sitakudanganya kwamba haliniumi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza. Kazi ambayo haijaisha, sema haijaisha. Mjomba angekupa siku nyingine kumi, na asingekuuliza mara mbili. Watu huegemea neno lako kama ukuta, mwanangu. Usiwaegemeze kwenye hewa."

Kisha akamvuta ubavuni kwake, na wote wawili wakamlilia bibi.