Kifungu cha Kumi na Tisa

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, kifungu cha kumi na tisa kilikuwa kimefutika. Mpiga chapa alikiandika asubuhi, akakihifadhi. Alipogeuka kuchukua karatasi, kwenye skrini pakawa patupu.

"Umechoka, dada," bosi wake alimwambia. "Kiandike tena. Keshokutwa muswada unaingia bungeni."

Muswada wenyewe ulikuwa wa kuwafunga wanaotengeneza picha chafu za watu kwa kompyuta. Miaka miwili nyuma, kijana mmoja alichukua uso wa binti wa huyu mpiga chapa akaubandika kwenye mwili ulio uchi wa mtu mwingine, akaisambaza picha hiyo. Polisi walitikisa vichwa: "Hili halina sheria, mama." Binti akasusa chakula, akasusa maneno. Mwezi haujaandama, wakamzika.

Adhuhuri, wenzake wametoka kula, ilikuja kwanza harufu ya mafuta ya nywele ya bintiye. Kisha vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, kimoja kimoja, na herufi zikaliwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, na baridi ikampanda kutoka nyayoni hadi kisogoni, na nyuma ya kiti chake mtu akawa anahema, kwa taabu, kama alivyohema binti siku zile za mwisho, naye akajua kwamba akigeuka atamwona, na kwamba hana ubavu wa kugeuka.

Kesho yake alimwingiza ofisini shangazi yake, mganga wa kupunga majini, kwa mlango wa nyuma.

"Huyu hakutumwa na mtu," shangazi alinong'ona. "Ni wako. Hicho kifungu kinasemaje?"

Mpiga chapa akasoma: "Sheria hii haitahusu kosa lililotendeka kabla ya kuanza kutumika."

Kiti kikaruka, kikagonga ukuta.

"Masikini, alidhani sheria hii inamhusu, ndiyo maana anakifuta," shangazi alisema. " Mwambie ukweli."

"Siwezi, shangazi."

"Hatamsikiliza mwingine."

Akapiga magoti sakafuni. "Mwanangu, sheria hairudi nyuma. Yule kijana hatafungwa. Na siku ile uliponiambia si wewe kwenye picha, nikakuuliza ulimfanya nini... Nilijua si wewe, mama. Niliwaonea haya watu. Nisamehe."

Kilio kikapasuka chumbani, kikatoka mlangoni, kikashuka ngazi, kikazidi kuwa chembamba, hadi kikakatika.

Muswada ukapita, wabunge wakapiga meza. Jioni ile shangazi akaenda kumjulia hali.

"Hakuna kinachokusumbua tena?"

"Hakuna." Akamshika mkono, akausogeza kifuani. "Shangazi, wewe unayejua kuwatoa. Kuwarudisha je?"