Mbele au Nyuma, Ziwani Eyasi

Upepo ulishuka kutoka ukingo wa bonde saa nne asubuhi, ukalikoroga Ziwa Eyasi mpaka mbingu na maji vikawa rangi moja. Wimbi liliingia kwenye injini ya mashua, ikakohoa, ikanyamaza. Ilikuwa Septemba 1983. Upepo ulipotulia vumbi lilibaki limening'inia, na nchi kavu haikuonekana upande wowote.

Siku ya pili chupa ya maji ilikuwa na mafunda machache, na maji ya ziwa ni chumvi tupu. Hyasinta, aliyekuja kurekodi sauti za viboko, alikuwa amepasuka midomo. Mzee Qamara, mwendesha mashua kutoka Endabash, kila zamu yake aliinua chupa, akaigusisha mdomoni, akamrudishia. Hyasinta alijua kwamba hanywi.

"Viboko hukaa pale mto unapoingia ziwani," mzee alisema. "Penye maji ya kunywa. Vyombo vyako haviwasikii?"

Hyasinta alifunga maikrofoni zake mbili za majini kwenye ncha za fito ndefu, akazizamisha, moja kulia, moja kushoto. Akavaa visikizio. Kule chini palikuwa na dunia nyingine, pana, na viboko walinguruma humo kama wazee wanaocheka usingizini.

"Wako wapi, binti?"

"Sauti inafika masikio yote sawasawa. Wako mbele."

Mzee akapiga kasia. Jua likasogea ndani ya vumbi. Vicheko vikafifia.

"Tunawakimbia!" Hyasinta akasema. "Maikrofoni mbili hazijui mbele na nyuma. Nimekuchosha bure, mzee wangu."

"Si tumewaaga tu? Tukirudi watatusalimia. Nifanye nini?"

"Geuza pua ya mashua kushoto. Kama wako mbele, sikio la kulia litatangulia. Kama wako nyuma, la kushoto."

Akageuza. Mngurumo ukatangulia kushoto.

"Nyuma!"

Walirudi polepole, wakisimama kusikiliza. Kisha sauti zikawa nzito, zikamtetemesha mifupa.

"Mmoja yuko kulia, karibu sana. Shika kushoto. Taratibu."

Maji yalivimba kando yao, yakatulia. Matete yakatokeza. Qamara alichovya kiganja, akaonja.

"Hayana chumvi."

"Nyie! Mmetoka wapi?" mchunga ng'ombe mmoja, Ngoyai, aliita kutoka ukingoni, akiingia majini na kibuyu cha maziwa.

"Mpe binti kwanza," mzee alijibu.

Hyasinta akavua visikizio, na hapo ndipo aliposikia, nyuma yake kabisa, Qamara akilia kama mtu aliyetua mzigo.