Bigijii ya Ngano

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua hata soksi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzungusha mkono wa mashine. Si ile mashine kubwa inayonguruma sokoni kwetu Mbamba Bay, kando ya ziwa, mpaka mtu asisikie anachoambiwa. Yetu ni ndogo, ya chuma, inafungwa kwenye ukingo wa meza, wala haili umeme wala dizeli. Inakula nguvu zangu mimi Rukaiya, mwanafunzi wa darasa la sita. Unamimina ngano juu, unazungusha, na unga wa kahawia unadondoka kwenye beseni ukiwa bado na joto.

"Taratibu, mwanangu, huendeshi bodaboda," Mama aliniambia kila mara.

Mama yangu, Bi Somoe, huoka mikate. Asili yake ni Kilwa, na mkate wake huutia tui la nazi na iliki, kisha huuoka kwenye tanuri la udongo nyuma ya nyumba. Unga wa dukani hautaki kabisa. Anasema umeshakaa sana hata umesahau shamba. Kwa hiyo hununua ngano nzima nzima, punje zenyewe, akaiweka ndani na kusaga ile tu ya kuoka siku hiyo. Siku anayooka, hata paka wa jirani huhamia kwetu.

Basi siku moja akaja Mama Mariana. Mariana ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja.

"Bi Somoe," alisema, "binti yangu anapata kipaimara baada ya miezi miwili. Wageni watatoka Mbinga, watatoka mpaka Songea. Nataka mikate thelathini, na nataka ya kwako, si ya mwingine."

Mama alikuwa hajawahi kuoka mikate mingi hivyo kwa siku moja. Alifuta unga mikononi, kisha akajibu, "Itapatikana, inshallah." Jioni ile aliosha vyombo huku akicheka peke yake. Nilifurahi sana kumwona hivyo.

Jumamosi tukapanda Mbinga sokoni. Kule juu kuna baridi, na ndiko ngano inakostawi, katika mashamba ya ngoro, yale yenye mashimo mashimo ya Wamatengo. Tulimkuta Mzee Ignatio, mkulima mwenye koti refu na kofia ya sufu, amesimama kando ya magunia yake.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu. Umekuja kubeba gunia?"

Mama hakuwa na haraka. Alichota ngano, akainusa. Akatia punje moja mdomoni akaing'ata, ikalia *ka!* Kisha akatoa mkobani chupa kavu na chumvi kidogo, akatia na ngano humo, akatikisa sana na kuiacha itulie. Chumvi yote ikaanguka chini, haikuganda kwenye chupa.

"Imekauka," alisema. "Ingekuwa na maji, chumvi ingeganda."

Mzee Ignatio akaangua kicheko. "Jamani! Leo nimepata mteja anayetembea na maabara!"

Wakapatana, na Mzee akatuonyesha mfuko wa kuhifadhia. Ulikuwa na tabaka tatu: nailoni mbili ndani, na nje mfuko mgumu wa kawaida. Alijaza ngano, akakamua hewa, akasokota mdomo wa nailoni ya kwanza, akaukunja na kuufunga kamba. Nailoni ya pili nayo akaifunga kwa kamba yake. Mwisho akafunga ule wa nje.

"Mafundo matatu," alisema, akininyooshea vidole vitatu. "Fukusi ni mdudu, naye anapumua kama wewe. Mnyime hewa, atakufa kabla hajazaa. Mkifika nyumbani msiufungue mpaka siku ya kazi."

Nyumbani Mama aliuweka mfuko juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, ili unyevu usiupande. Ngano ya kula kila siku aliitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Akanigeukia. "Rukaiya, ndoo ni yetu. Mfuko ni wa kipaimara. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia, lakini masikio hayatafuni, mdomo ndio unatafuna.

Ukitia punje za ngano mdomoni ukatafuna bila kumeza, mwanzoni ni unga mtupu. Endelea kutafuna, endelea tu, mwisho inakuwa laini na inavutika. Inakuwa bigijii, kama ile ya kutafuna ya dukani! Mariana ndiye niliyemwonjesha kwanza, wakati wa mapumziko.

"Weee! Inavutika kweli!" alishangaa. "Kesho niletee tena."

Kesho yake alitaka Stephano. Keshokutwa yake likataka dawati la nyuma lote. Wiki haikuisha, nikawa maarufu shuleni kuliko kiranja mkuu. Nikifika getini nasikia, "Rukaiya, bigijii!" Nani asingefurahi?

Lakini ndoo ina mwisho, na Mama alijua ngano yake ilipofikia. Nikaona ndoo ikipungua zaidi atauliza. Basi nikaenda kwenye mfuko. Nilichota mikono miwili tu, nikafunga. Siku nyingine mikono miwili tena. Yale mafundo matatu yalinichosha, halafu sikutaka kukutwa pale. Nailoni za ndani nikawa nazisokota tu na kuzibana, kisha nakaza vizuri fundo la nje. Ukiutazama, ungeapa mfuko haujaguswa.

Hata Mariana aliniuliza, "Hii si ile ya kipaimara changu?"

"Ni kidogo tu," nilimjibu. Akatafuna. Msichana alikuwa anakula mkate wa sherehe yake kabla haujaokwa!

Ikabaki wiki moja. Jumamosi asubuhi Mariana alikuja kutusaidia kuchagua ngano, na Mama akafungua mfuko. Niliona uso wake ukibadilika. Juu ya ngano kulikuwa na vumbi jeupe, na katika vumbi lile fukusi weusi walikuwa wakitembea huku na huko kama wenye nyumba.

"La haula!" Mama alisema. Aliingiza mkono, akatoa punje zilizotobolewa. Macho yake yakajaa machozi. Akachukua simu, akampigia Mzee Ignatio, sauti ya simu ikasikika chumba kizima.

"Mzee, umenidhulumu! Ngano uliyoniuzia ina fukusi!"

"Mama Rukaiya, si uliing'ata kwa meno yako mwenyewe?"

"Niliing'ata. Sasa hawa wadudu wametoka ziwani?"

Safari hii sauti ya Mzee ilikuwa imeshuka. "Nimeuza ngano soko hili tangu kijana. Sijawahi kuitwa mdanganyifu hata siku moja."

Maneno yale yalinichoma. Nikinyamaza, lawama zote zinamwangukia mzee wa watu, na mimi nabaki na umaarufu wangu wa bigijii. Nilimtazama Mariana. Naye alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mama, ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Nilikuwa nafungua mfuko. Nilichota ngano ya kutafuna shuleni. Nikafunga fundo la nje tu. Mzee hana kosa." Nikaanza kulia.

"Na mimi nilitafuna," Mariana alidakia kwa sauti ndogo. "Tena nilijua ni ya kwangu."

Mama aliinua simu kwanza. "Mzee wangu, umesikia mwenyewe. Nimekuvunjia heshima bila sababu. Nisamehe sana."

"Nimesikia, na yamekwisha," alijibu Mzee Ignatio. "Sasa msiitupe. Fukusi hawapendi kabisa jua kali. Itandazeni kwenye turubai, nyembamba, muigeuzegeuze. Kisha chekecheni, pepeteni, chagueni. Jua la Mbamba Bay linatosha kumfukuza hata mimi!"

Mama alikata simu, akanigeukia. Nilisubiri fimbo. Badala yake akauliza, "Nani wengine walitafuna?"

"Karibu darasa zima, Mama."

"Nenda kawaite wote. Aliyetafuna, aje apepete."

Nilikwenda mlango kwa mlango, na aibu yangu mkononi. Nilidhani watakataa, lakini walikuja watoto kumi na sita, wengine na nyungo za mama zao. Tukatandaza turubai mbili uani. Jua lilipopanda, fukusi wakaanza kutoka mbio, na kuku wetu wakawapokea. Loo, kuku wale! Jogoo mmoja alikula mpaka akakaa chini. Stephano akawa mtangazaji wa mpira: "Fukusi anatoroka upande wa kulia, anampita tetea wa kwanza, aaah, amedakwa!" Tulicheka mpaka Mama naye akashika mbavu.

Siku mbili tulianika, tukachekecha, tukapepeta, tukachagua punje moja moja. Wadudu walikuwa wamekula zaidi sehemu ya juu, huko chini ngano ilikuwa nzima. Iliyoharibika ilijaa debe moja, wakapewa kuku. Mama alipima iliyobaki, akapiga hesabu kwa vidole.

"Mikate ishirini na saba," alisema.

"Chukua na ya kwenye ndoo," nikamwambia haraka. "Mimi nitakunywa chai kwa mihogo."

"Sote tutakunywa kwa mihogo," Mama alisema, na wiki nzima ikawa hivyo.

Jioni ya kuamkia sherehe, kusaga kulikuwa kwa zamu. Kila mmoja alizungusha mashine mara mia moja, wengine wakihesabu kwa kelele, na aliyechoka kabla ya mia alizomewa. Siku ya sherehe, tangu alfajiri, tanuri liliwaka, harufu ya iliki na nazi ikajaza mtaa. Mikate thelathini ikatoka, mizuri, imeumuka, rangi ya kahawia. Mama aliigusa mmoja mmoja huku midomo ikimcheza kwa furaha.

Mariana alikuwa amevaa gauni jeupe. Mkate wa kwanza ulipokatwa, aliuma kipande, akafumba macho. "Rukaiya," aliniambia, "huu ni mtamu kuliko bigijii."

Wageni wakaanza kuuliza nani kaoka. Mama Mariana akamshika Mama mkono na kumsimamisha katikati ya watu, wakampigia makofi na vigelegele. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma.

Na Mzee Ignatio alikuwepo, na koti lake lile lile, jasho likimtiririka. Mama alikuwa amemwalika. Mzee aliniita, nikaenda nimeinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mzee. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nilishakusamehe siku ile ile." Akanikalisha karibu yake. "Lakini shika neno hili, mjukuu. Ulifunga fundo la nje, na kila aliyepita aliona mfuko umefungwa. Ila ndani hewa ilikuwa inaingia, na fukusi wanazaana. Uongo ndivyo ulivyo. Nje unapendeza, ndani unakula. Siku uliposema kweli ndipo ngano ilipoanikwa juani, na ndiyo maana leo tunakula mkate."

"Nimeelewa, Mzee."

"Nitajua kama umeelewa." Akatia mkono kwenye koti, akatoa kifuko kidogo cha karatasi, akanipa. Nilikifungua. Zilikuwa punje za ngano, safi, zinang'aa.

Mdomo ulijaa mate. Watoto kumi na sita walikuwa wamenikodolea macho. Nikageuka, nikapaza sauti kupita ngoma na vigelegele:

"Mama! Mzee amenipa ngano! Naomba ruhusa ya kutafuna!"

Watu wote waliangua kicheko, na Mama akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Tafuna, mwanangu!" alijibu. "Na Jumatatu tukishanunua ngano mpya, mafundo yote matatu utafunga wewe."